Sakafu ya Kuliwa na Moto

Kazi yangu ni kubuni chumba ambacho tunamuomba Mungu kisitumike hata siku moja. Nimeifanya miaka kumi na mbili sasa, katika nchi ya baridi ambako jua likitoka watu hupigiana simu. Mama yangu, ambaye hajatoka Pemba ila kwa safari za hospitali Unguja, alinisikiliza miaka yote hiyo akiitikia "ndiyo mwanangu, ndiyo," kisha akenda kuwaambia majirani kwamba mimi ni fundi wa umeme. Nilipokuja likizo mwaka huu nikakuta watu watatu wananingoja na pasi mbovu.

Nilikasirika. Mie hasira zangu ziko karibu, kila anayenijua anajua. Niliwarudisha watu na pasi zao, nikamkalisha mama barazani, nikamwambia leo utanisikiliza mpaka mwisho.

"Haya, nambie," akasema, na akakunja miguu kama mtu anayejiandaa kwa mawaidha marefu.

Nikamwambia kuna mitambo ya umeme isiyotumia dizeli wala gesi, inatumia madini ya urani. Madini hayo hutengenezwa vidonge vidogo, vidonge vikapangwa ndani ya mabomba membamba, mabomba yakawekwa ndani ya pipa kubwa la chuma lililojaa maji. Vidonge vinatoa joto, joto linatengeneza mvuke, mvuke unazungusha mashine, taa zinawaka. Hapo hakuna taabu. Taabu ni kwamba vidonge hivyo, hata ukiuzima mtambo, havipoi. Vinaendelea kutoa joto siku, wiki, miezi. Kwa hivyo maji lazima yawepo saa zote. Maji yakikatika, na pampu ya akiba ikashindwa, na akiba ya ile akiba nayo ikashindwa, basi vidonge vinayeyuka. Vinayeyusha na mabomba, vinayeyusha na vyuma vilivyovishikilia, na vyote vinakuwa uji mmoja mzito wenye moto wa zaidi ya digrii elfu mbili. Uji huo unalitoboa pipa la chuma lenye unene wa shibiri nzima, unaanguka chini.

"Chini kwenye nini?" mama akauliza.

"Hapo sasa ndipo kazi yangu inapoanzia."

Nilimuona anaitafuta picha ya kitu hicho akilini na haipati. Akauliza moto wa namna hiyo unazimwa na nini.

"Hauzimwi, mama. Hakuna cha kuuzima. Unapewa pahala pake, unatandaa uwe mwembamba, baadaye unamwagiwa maji juu yake kwa utaratibu, na watu wanangoja upoe. Miaka."

"Subhanallah," akasema, na akajiziba mdomo kwa upindo wa kanga. Nilifurahi, siwezi kuficha. Miaka kumi na mbili nilikuwa nangoja mtu wa kwetu aogope kile ninachokiogopa mimi.

Nikamweleza na sakafu. Chumba chetu kiko chini ya pipa, na sakafu yake ina tabaka mbili. Ya chini ni ngumu kabisa, hiyo haitakiwi kuguswa. Ya juu ni zege lililotengenezwa makusudi liliwe. Uji wa moto ukilila lile zege unachanganyika nalo, unapungua ukali, unakuwa mwepesi, unatiririka na kutandaa chumba kizima badala ya kukaa pamoja kwenye shimo moja na kutoboa. Mawe gani utie katika zege hilo, mchanga upi, kutu ya chuma kiasi gani, watu wameumiza vichwa maisha mazima.

"Yaani mgeni mbaya mnampa chakula ili atulie," mama akasema.

Nilitaka kumrekebisha, nikaona hakuna cha kurekebisha.

Jambo moja sikumwambia siku ile. Wiki tatu kabla sijapanda ndege, sakafu yetu ilikuwa imeripuka.

Zege lile la kuliwa lilikuwa kazi ya mzee mmoja tunayefanya naye kazi. Mwenyewe hapendi kuitwa mzee, kwao ni kama tusi, lakini kwetu sisi hakuna neno jengine la mtu aliyekufundisha kazi. Yeye ndiye aliyekipata kipimo cha mchanganyiko ule, baada ya miaka ishirini ya kuchoma mawe na kuyatazama. Hugonga sakafu kwa fundo la kidole na kusikiliza, kisha husema "bado" au husema "tayari". Alikuwa amebakisha mwaka mmoja astaafu, na alitaka jambo moja tu kabla ya kwenda zake: aone zege lake limekubaliwa kuwekwa katika mtambo wa kweli.

Kwenye majaribio hatutumii urani. Tunachanganya unga wa madini mengine ambao ukiwashwa unajiyeyusha wenyewe, tunaumimina kwenye kipande cha sakafu ukubwa wa jamvi moja, sisi tukiwa nyuma ya ukuta na kioo kizito. Mara ya kwanza nilipouona uji ule ukimiminika nilisahau kuandika. Nilipewa daftari na kalamu, nikasimama tu. Haukuwa mwekundu kama nilivyodhani, ulikuwa mweupe, mweupe wa kukuumiza macho hata kwa miwani ya giza, na ulikwenda bila haraka yoyote. Sakafu ilikuwa inapungua chini yake kimya kimya. Mzee aliliona daftari langu tupu na hakunigombeza. Aliniambia yeye mara yake ya kwanza alilia.

Basi jaribio hili ndilo lilikuwa la mwisho, la kuwaonesha wakubwa na wageni wa wizara. Tulilikausha lile zege kwa hita wiki kadhaa, kwa sababu maji ndiyo adui. Maji yakiwa juu ya uji hayana neno, yanachemka na kupaa. Maji yakinaswa chini yake hayana pa kwenda. Maji ya kikombe kimoja, yakigeuka mvuke kwa ghafla, yanataka nafasi ya kabati zima la nguo, na yataipata nafasi hiyo kwa kuvunja kilicho karibu. Mie nilikuwa nayafundisha hayo kwa vijana wapya. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Uji ulimiminwa, ukagusa sakafu, na ukumbi mzima ukapiga mshindo. Vipande vya zege viligonga dari. Kioo kilipata ufa toka juu mpaka chini. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini mgeni mmoja alikaa chini palepale kwenye sakafu na suti yake. Mzee alibaki kulitazama vumbi mpaka likatulia.

Kamati ikaundwa. Tuliulizwa mmoja mmoja: kuna yeyote aliyeingiza maji katika shimo la majaribio? Nikajibu hapana, na wallahi nilikuwa sisemi uongo. Sote tulijibu hapana. Kama hakuna aliyeingiza maji, wakasema, basi maji yalikuwa ndani ya mawe yenyewe, na kama yalikuwa ndani ya mawe, mchanganyiko wa mzee haufai. Karatasi ikaandikwa ya kuliondoa zege lake katika mpango wote, na yeye ndiye aliyetakiwa kuitia saini, mkutano wa Alkhamisi. Mie likizo yangu ilikuwa imeshapangwa zamani. Nikaja zangu Pemba, na kila nikifikiria ile saini roho inaniuma.

Jumatatu ya wiki ya mkutano ule, asubuhi, mama akaniambia nifagie uani.

Ilikuwa msimu wa karafuu, na kwetu Wete mtu hafagii uwanja mkavu wakati wa karafuu. Ua wetu unapakana na wa jirani yetu, Bi mmoja mwenye macho ya kuona vumbi likiwa bado halijaondoka chini. Ardhi yetu ni nyekundu na laini, ukiipitishia fagio la chelewa inanyanyuka na kwenda kukaa juu ya karafuu za watu zilizoanikwa majamvini. Kwa hivyo kwanza unarashia maji. Na kurashia kwenyewe kuna kazi yake. Maji yakiwa haba vumbi linapanda, yakizidi unapata tope, na tone likiruka kwenye jamvi la mwenzio utasikia habari yako mpaka magharibi. Unachota kwa kata ya kifuu, unatia vidole, unarasha huku unarudi nyuma, hatua moja rasho moja, mpaka umalize uwanja wote na kata iwe imekwisha. Mama alinifundisha nikiwa na miaka sita, na kila nilipozidisha alinipiga chelewa moja ya mkono.

Nilikuwa nimefika nusu ya ua nilipoiona kata mkononi mwangu.

Sikukumbuka kuichukua. Nilikuwa nafikiria Alkhamisi, namfikiria mzee na kalamu, na mkono umekwenda wenyewe kwenye pipa, umechota, umerudi, unarasha. Nikausimamisha mkono hewani. Na hapo nikaona kikombe cheupe cha chai, chenye mchoro wa samaki, cha jikoni kwetu kule kazini. Nikaliona shimo la majaribio, siku moja kabla ya wageni, limejaa vumbi la matundu yaliyotobolewa kwa ajili ya vipima joto. Nikajiona mimi, peke yangu, nimebaki nyuma kwa sababu naona haya wageni waje wakute uchafu. Nikaviona vidole vyangu vinaingia kwenye kikombe. Narasha, narudi nyuma. Narasha, narudi nyuma. Kisha nafagia vizuri, nazima taa, naondoka nimeridhika.

Zege lililokaushwa wiki kadhaa. Lilikuwa na kiu, likayanywa maji yale, na yaliyobaki yakajaza matundu.

Nilikaa chini kwenye udongo uliorowa. Mama akatoka jikoni mbio.

"Kuna nini? Umeona nyoka?"

Nikamwambia yote: mripuko, kamati, ile hapana yangu, karatasi ya Alkhamisi. Nilimwambia nikilia na huku nimekasirika, na yeye alisikiliza amesimama na mwiko mkononi. Nilipomaliza akasema neno moja.

"Mpigie."

"Mama, wewe hujui. Nikisema watanifukuza. Mtu anayemwaga maji pale hana kazi tena, basi."

"Na yule mzee?"

"Yule mzee anastaafu hata hivyo!"

Hayo ndiyo niliyoyasema. Naandika hapa kwa sababu niliyasema. Mama alinitazama tu, na kwa kuwa kunitazama kule kulikuwa kunanichoma, nikazidi kuharibu. Nikamwambia, "Na ni wewe uliyenifundisha! Ni wewe na maji yako na karafuu za watu!"

Aliingia ndani. Nikabaki na kata yangu, mwanamke mzima wa miaka arobaini na moja mwenye shahada tatu, nimekaa kwenye tope la ukubwa wa sinia. Baadaye alirudi na kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akakiweka karibu yangu, akakaa juu yake. Nilidhani atanirudishia maneno yangu. Badala yake akauliza swali.

"Kile chumba chenyewe, kwenye mtambo wa kweli. Nani anakifagia?"

"Hakifagiwi. Kimefungwa."

"Kwa muda gani?"

"Mtambo unaishi miaka sitini."

"Na katika miaka sitini hakifunguliwi?"

"Kinafunguliwa. Wanaingia watu kukagua."

"Wanakagua, wanaona vumbi, na mkubwa wao anakuja kesho yake," mama akasema. "Miaka sitini. Na hakuna hata mmoja atakayechukua maji?"

Sisi tulikuwa tumepiga hesabu za tetemeko la ardhi. Tulipiga hesabu za mafuriko, za ndege kuangukia paa, za umeme kukatika nchi nzima. Rafu tatu za michoro na mahesabu, za watu wenye akili kuliko zangu, na ndani yake hakuna mtu mmoja mwenye ndoo anayetaka pahala pawe safi. Mama alikuwa amemuona kwa kuuliza mara nne, naye hajawahi kukiona chumba chenyewe. Nilimwangalia mikono yake iliyojaa unga wa muhogo na nilitaka kuibusu, lakini hatuna mazoea hayo mchana.

Nikapiga simu. Mama alisimama mbele yangu mpaka ikaita.

Mzee alipokea. Nilimwambia kwa haraka, bila salamu, kama mtu anayetoa mwiba: ni mimi, nilirasha maji, nilifagia, nilisahau, nimekumbuka sasa hivi. Kisha nikangoja kutukanwa.

"Kiasi gani?" akauliza.

"Sijui. Kikombe. Labda si kizima."

"Unaweza kujua?"

Ndiyo hivyo tu. Mtu ambaye nimemvunjia kazi ya miaka ishirini ananiuliza kama naweza kupima. Aliniambia tena, polepole, kwamba mkono ulioweza kufanya bila kufikiri unaweza kurudia bila kufikiri, nifanye vilevile, kwenye eneo lilelile, nimletee hesabu kabla ya Alkhamisi.

Mama nilipomfasiria alisema mkono wangu hautoshi, nimeshautia wasiwasi. Atarasha yeye, maana mkono wangu ni wake. Basi nikachora ardhini kwa kijiti mraba wa ukubwa wa sakafu yetu ya majaribio. Tukatia maji katika jagi lenye mistari ya vipimo, lile analopimia maziwa. Mama akachota kwa kikombe cha chai, akaanza. Hatua moja, rasho moja. Alipomaliza mraba akarudisha yaliyobaki jagini, nikasoma mstari, nikaandika. Tukalijaza jagi upya, tukachora mraba wa pili pembeni, penye udongo mkavu. Nikasoma, nikaandika. Wa tatu.

Mstari ulikuwa uleule. Mara zote tatu, maji yalisimama pale pale, nikalizungusha jagi kwenye mwanga nikidhani macho yangu yanadanganya. Kule kazini tuna pampu ndogo za kudondosha maji, tunazipeleka kila mwaka kurekebishwa, na hazikubaliani hivyo.

"Mama!" nikasema.

"Ulitaka iweje?" akajibu. "Nafagia tangu sijavunja ungo."

Bi jirani alikuwa ameshatokeza kichwa juu ya ua wa makuti kutazama tuna nini. "Mnapima kiwanja, mnauza?" akauliza.

"Tunapima maji ya kufagilia," mama akamwambia. "Ulaya wanayataka."

Nilimpelekea mzee hesabu pamoja na picha za jagi. Akapiga mwenyewe baada ya saa moja, safari hii simu ya picha, na alikuwa amevaa miwani yake miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, kama anavyokuwa akihangaika. Alisema maji hayo yanatosha. Yanatosha kabisa kuvunja kile kilichovunjika. Mama akaichukua simu mkononi mwangu bila kuniomba.

"Mwambie kosa la mwanangu ni langu," akasema. "Mimi ndiye niliyemfundisha. Amsamehe yeye, anilaumu mimi."

Nilikataa kufasiri. Nilimwambia mama huko mambo hayaendi hivyo. Akaniambia fasiri. Nikafasiri, na mzee akaivua miwani ya machoni, akamtazama mama kupitia simu kwa muda. Akasema, "Mwambie alifundisha vizuri. Sisi ndio hatukuuliza."

Alkhamisi nilisema mbele ya wote, kwa simu ya picha, uso wangu umejaa ukutani kule kwao na mie nimekaa chumbani kwa mama nikisikia majogoo. Sikujitetea. Nilipewa barua ya onyo na nikazuiwa kuingia ukumbi wa majaribio mpaka kazi irudiwe, na nilistahili zaidi ya hayo. Mzee hakuitia saini ile karatasi. Aliomba sakafu mbili mpya zimiminwe, moja irashiwe maji kwa kipimo cha mama, nyengine iachwe kavu. Na katika orodha yetu ya hatari, ile yenye tetemeko na ndege, aliongeza mstari mmoja kwa mkono wake: mtu anayependa usafi. Wakubwa walicheka. Yeye hakucheka, wakaacha. Siku hizi hakuna mchoro wa chumba chetu unaopita bila kuonesha, mtu akiingia na ndoo, maji yake yatakwenda wapi.

Nikabaki Pemba nikingoja zege likauke. Ilikuwa zaidi ya mwezi. Nilichuma karafuu, nilitengeneza pasi zote tatu kwa aibu, na uani nilifagia kama kawaida, kwa maji, kwa sababu mama hakuona kwa nini karafuu za Bi jirani zipate tabu kwa mambo ya nyuklia.

Siku yenyewe tuliiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mama alikuwa amesali na amevaa kanga mpya. Ukumbi ulionekana, ukuta, kioo kipya, na mzee amesimama upande wa kushoto, mikono nyuma.

Walianza na sakafu iliyorashiwa. Uji ulishuka, mshindo ukapiga, na simu ikatoa mlio wa ajabu, picha ikajaa vumbi. Mama aliruka. "Ni ile yangu?" akauliza. Nikamwambia ndiyo, ni ile yako. Alijishika kifua akasema astaghfirullah mara nyingi.

Kisha ile kavu. Palichukua muda kuandaa, na mama hakuondoka hata kunywa maji. Uji ukashuka. Nilishaona majaribio mengi na bado nilishika mkono wa mama bila kujijua. Weupe ule ulitua kwenye sakafu na hakuna kilichoruka. Ulitandaa. Ulikwenda mpaka pembe za shimo, ukajikunja kidogo, ukarudi, na zege la mzee likaanza kuingia ndani yake taratibu, bila sauti, moto unakula na unapungua kwa kula. Weupe ukawa manjano. Manjano ikawa nyekundu. Kikatanda juu yake kigamba chembamba cheusi, kikapasuka, wekundu ukaonekana katikati ya nyufa, kikajifunga tena. Vipima joto vya sakafu ya chini havikusogea. Kitu kile ambacho hakuna mwanaadamu anayeweza kukizima kilikuwa kimelala mahala kilipoelekezwa. Tulikaa tukikitazama, mimi na mama yangu.

"Ya Rabbi," mama akanong'ona mwishowe. "Na hiki wamekitengeneza watu."

Ndipo mzee akaja karibu na kamera. Nilidhani atatabasamu. Macho yake yalikuwa mekundu na uso umemlegea, na nilimuona, kwa mara ya kwanza, ni mtu mkongwe. Alisema maneno mawili akageuka, akaenda zake kwa kuburura miguu, wenzake wakimpisha.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema sasa atalala."

"Kwani kwao ni saa ngapi?"

"Saa saba mchana."

Mama aliutazama ukumbi ule ambao mzee alikuwa ameshauacha. Kisha akanyoosha kidole, akaizima simu taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Mwache alale," akasema.